Wajina Wangu, Jina Letu Limesomwa Kanisani Mara Tatu

Wajina wangu, bibi yangu mpendwa,

Nimeolewa! Nimelitanguliza hilo hata kabla ya shikamoo, maana najua ungeniambia niache kuzunguka, niseme. Leo ni siku ya kumi na sita. Kila asubuhi nikiamka nikamwona Mugisha amelala mdomo wazi, natamani kumwamsha nimuulize kama ni kweli. Na nimeolewa kwa jina letu, wajina. Kwa jina letu! Ndiyo maana nimekaa hapa Buswelu, vyombo vya harusi bado vimo kwenye maboksi, nakuandikia wewe ambaye nilitamani ukae kiti cha mbele.

Unakumbuka tulivyokuwa tukianika michembe kule Magu? Wewe unakata viazi kwa kile kisu kilichobaki nusu, mimi navipanga juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba. Ukiniona natafuna kimoja kibichi, unapaza sauti: "Wewe mke mwenzangu, mume wetu atakula nini?" Babu akisikia anakohoa tu huko ndani. Ni kwenye jiwe lile ulinieleza tulikolitoa jina letu. Mwaka uliozaliwa mvua ilikataa kabisa. Mama yako, na mimba yake kubwa, akatembea hadi ziwani akavushwa kwa mtumbwi kwenda Ukerewe kuhemea chakula, akawa analima mashamba ya watu ili alipwe muhogo. Ukazaliwa huko huko, shambani kwa mwanamke asiyekuwa ndugu yenu. Watoto watatu wa kijiji chenu walizaliwa msimu ule, na aliyebaki ni wewe. Kwa Kisukuma njaa ni nzala. Mama yako akakuita Nyanzala.

Nilikuuliza, "Kwa nini asikuite Furaha, kama ulipona?"

Ukasema, "Furaha anazaliwa siku yoyote. Mimi waliniita hivi ili kila anayeniita akumbuke kwamba nilibaki."

Nilikuwa na miaka minane. Nilijiona mtu mkubwa sana siku ile.

Lakini shuleni kwetu Kulwa walikuwa wanne, Doto wanne, Mabula hata sijui wangapi, na Nyanzala nilikuwa peke yangu. Nikiingia darasani wavulana wanapiga kelele, "Njaa imefika, ficheni viporo!" Nilivumilia mpaka darasa la saba. Nilipokwenda sekondari Nyegezi, siku ya kwanza bwenini, msichana wa kitanda cha juu aliniuliza naitwa nani, nikajikuta nasema, "Nancy." Ikawa hivyo. Kwenye vyeti vya shule niliandika Maria N., nikaiacha ile herufi ijitetee yenyewe.

Sijakuomba msamaha kwa ile Jumamosi uliyokuja kuniona, na wewe hukunipa nafasi. Ulikuja na mfuko wa michembe na karanga, ukamwomba mlinzi getini umwone Nyanzala. Wasichana wakaulizana, wakasema hapa hayupo mtu wa jina hilo. Ukakaa chini ya ukuta tangu saa nne hadi saa nane. Nilipopita kwenda bombani ndipo nilipokuona, na rafiki yangu akaniita, "Nancy, unamfahamu huyu bibi?" Ulinitazama, ukacheka kidogo. "Kumbe shule imekupa jina, na sisi nyumbani hatukuletewa habari." Halafu ukanifungulia mfuko nile. Hukulitaja tena jambo lile mpaka ulipotutoka, na mimi nimelibeba miaka yote hiyo.

Sasa nikusimulie kuhusu Mugisha, wajina, ungempenda! Ni fundi wa majokofu. Alikuja kutengeneza la dukani kwetu ninapouza maziwa ya mtindi, akakaa siku tatu kwenye kazi ya nusu siku. Siku ya tatu akaniambia jokofu lilipona tangu jana, anayeumwa ni yeye. Jamani! Kwao ni Kagera, ingawa mama yake anaishi Butimba siku nyingi. Kwa Kihaya jina lake ni baraka. Sasa mimi, mbele ya mtu anayeitwa Baraka, niseme naitwa Njaa? Nikawa Nancy kwake, Nancy kwa mama yake, Nancy kwa jumuiya yao nzima.

Aliujua ukweli siku tuliyopeleka vyeti vya ubatizo parokiani. Alisoma, "Maria Nyanzala," akalirudia taratibu kama mtu anayeonja. Nikamsihi asimwambie mtu. Akasema, "Basi nitakuita tukiwa wawili tu." Na akawa ananiita hivyo kwa sauti ya chini, nami nayeyuka. Kosa langu, wajina, ni kwamba nilidhani kwenye matangazo ya ndoa watasoma Maria tu.

Jumapili ya kwanza katekista akasimama: Mugisha, kijana wa hapa, anataka kufunga ndoa na Maria Nyanzala, binti wa Magu, mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Nilimwona mama mkwe akigeuka kwenye benchi, akimtafuta kwa macho huyo Nyanzala. Misa ilipoisha, mwenyekiti wa jumuiya yao, mzee wa watu aliyekuwa kwenye kamati ya harusi yetu, akaenda moja kwa moja kwa paroko. "Baba, nina pingamizi. Kijana huyu tunamwozesha Nancy. Huyu Nyanzala katoka wapi? Ana wachumba wawili!"

Kadi zilikuwa zimeshachapwa. Nancy na Mugisha, kwa maandishi ya dhahabu.

Paroko aliyaona majibu kwenye cheti changu, pingamizi likafutwa palepale. La nyumbani halikufutwa. Jumanne niliitwa Butimba. Nilimkuta mama mkwe, shangazi yake Mugisha aliyefika kutoka Bukoba kwa ajili ya harusi, na Mugisha amekaa pembeni ameinamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Kisha akasema, "Mwaka mzima umekula kwenye sahani zangu, na sikujua ninamlisha nani."

Maneno hayo yalinichoma kuliko ugomvi. Shangazi akauliza jina lina maana gani. Nikamwambia.

"Njaa!" Akapiga makofi. "Njaa iingie kwenye ukoo wa migomba? Baraka na Njaa walale kitanda kimoja? Sikilizeni, mimi sitaki maneno mengi. Kanisani mwambieni katekista asome Maria. Kwenye kadi ni Nancy. Ukumbini ni Nancy. Yamekwisha, tupike."

Na yangekwisha kweli, wajina. Mlango ulikuwa wazi, hakuna aliyekasirika tena, hata Mugisha alinitazama kama anayesema, ukitaka hivyo nami nataka. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo tu, na ningeolewa kwa amani. Lakini nilikuona chini ya ule ukuta wa Nyegezi.

"Hapana, shangazi," nikasema. "Nimeshamkana mwenye jina hili mara moja, akiwa amekaa mbele yangu. Sitamkana tena na hayupo. Kama harusi ni ya Nancy, basi mimi siijui."

Nikawasimulia yote. Mvua iliyokataa, mtumbwi, shamba la Ukerewe, watoto watatu akabaki mmoja. Sikulia mpaka nilipofika kwenye mfuko wa michembe. Shangazi aliacha kujipepea. Mama mkwe akauliza swali ambalo mimi sijawahi hata kukuuliza.

"Huyo mwanamke wa Ukerewe aliyempokea mama mwenye mimba shambani kwake, aliitwa nani?"

"Hatumjui jina, mama. Bibi hakuwahi kulitaja."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mwanamke ana mihogo, jirani ana njaa, mtoto anazaliwa. Jina lililobeba mwanamke wa namna hiyo mimi nalielewa." Kisha akamgeukia Mugisha. "Wewe, ulijua?"

"Nilijua, mama. Na ni jina zuri."

"Ungesema mapema! Kadi zichapwe upya. Nyanzala. Na herufi ziwe kubwa, mwenyekiti wa jumuiya macho yake hayaoni vizuri."

Tulicheka mpaka shangazi naye akashindwa. Akaninyooshea kidole: "Sawa. Lakini ukija kwangu Bukoba nitakulisha mpaka ulibadilishe mwenyewe hilo jina."

Jumapili ya pili katekista alipolisoma, nilinyanyua kichwa. Ya tatu, wajina, mama mkwe alipiga kigelegele katikati ya matangazo! Paroko alikunja uso halafu akatabasamu. Na siku yenyewe nilisimama altareni, nimeshika mkono wa Mugisha, nikaanza kiapo kwa sauti iliyofika hadi mlangoni, "Mimi Maria Nyanzala..." Mama yangu alikuwepo. Alinisimulia kwamba alipolisikia alikaa chini. Mugisha naye ilipofika zamu yake hakulinong'ona tena. Alilisema kama mtu anayetangaza ushindi.

Nimeacha la mwisho makusudi. Baada ya ile Jumapili ya tatu, dada mmoja wa kwaya, anayeimba sauti ya pili, alinivuta kando nje ya kanisa. Kila mtu anamwita Neema. Alitazama huku na huku. "Ile N yangu," akaninong'oneza, "si Neema. Ni Nyanzala. Ya bibi yangu wa Misungwi. Nilidhani Mwanza nzima niko peke yangu."

Nilimkumbatia hadi khanga ikadondoka. Kumbe hatukuwa wachache, wajina! Tulikuwa tumejificha tu. Sijui tuko wangapi nyuma ya hizo herufi moja moja, lakini nimeanza kuuliza kila N ninayekutana naye.

Jana dada huyo alikuja kunisaidia kufungua maboksi. Mama mkwe alikuwa jikoni, akapaza sauti, "Nyanzala!"

Tukaitika sote wawili. Ungekuwepo, tungekuwa watatu.

Baki na amani huko uliko, mke mwenzangu. Msalimie babu, mwambie nimempata wangu.

Mjukuu wako na wajina wako,
Nyanzala