Wamekata Majina Yetu

Mjukuu wangu Zuhura,

Asalamu aleikumu. Huku Buyenzi tuko wazima. Bibi yako anakusalimia sana, na mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike.

Unauliza kama nimeifurahia albamu uliyonitumia kwa simu kutoka Ubelgiji, ile iliyokusanya nyimbo za marehemu mpiga tarumbeta wetu. Apana. Nimekasirika, na hasira haijaisha.

Siku tuliporekodi wimbo wa kwanza, marehemu alianza kwa kututaja majina sisi wapigaji wenzake, mmoja mmoja. Fundi wa studio akasimamisha mashine. "Piga tarumbeta tu. Hao hakuna mutu anawajua."

Marehemu akairudisha tarumbeta kwenye sanduku, akalifunga. "Twende," akatuambia. "Kama hawa hawana majina, na mi sina wimbo."

Tulikuwa tumefika mlangoni fundi alipotuita turudi. Sijapiga ngoma tena kama siku ile.

Sasa mwenyewe amekufa, nao waliotengeneza albamu wamekata pale mwanzo wa kila wimbo anapotutaja. Wanasema wamesafisha sauti. Kwa hiyo uchafu ni sisi? Watu wanamsifu kwa pumzi yake; mi namkumbuka kwa lile sanduku alilolifunga.

Bibi yako anasema nizime simu, nisijipandishe presha. Nimekataa. Kila wimbo ukianza nataja mwenyewe kwa sauti: Hamisi, gitaa. Juma, besi. Ramadhani, ngoma. Majirani wananicheka, wacheke. Na wewe ukiwawekea rafiki zako huko, tutaje kwanza, ndipo tarumbeta ilie.

Babu yako,
Ramadhani, mpiga ngoma