Kiti Kisichozima Mashine

Bi Verna, mshauri wetu mpendwa wa gazetini,

Naomba unisaidie kabla theluji nyingine haijaanguka, na ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa, ni mkono tu, daktari wa moyo ameshaniambia wazi kwamba sitaiona barafu ya ziwani ikiyeyuka mwaka huu, na hilo nimelipokea bila kelele, maana nimeishi sana, lakini kuna jambo moja linaloninyima usingizi ambalo siwezi kuondoka nalo na siwezi kulitamka, ndiyo maana naliandika. Majina yaache kama yalivyo, huku kwetu hata ukiyaficha watu watanijua kwa trekta.

Mimi ni Waino, nilifundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na mke wangu ni Lempi. Nyumba yetu iko mwisho wa njia ndefu katikati ya misonobari, na theluji ya ziwani unaijua, haibishi hodi, njia ikiziba muuguzi hafiki, gari la wagonjwa halifiki, na binti yetu Marlys, aliyeko Arizona kwenye jua lake, anapiga simu: "Baba, basi sasa. Nawatafutia chumba kwenye nyumba ya wazee huko mjini Marquette." Lempi ndiye aliyemjibu: "Baba yako atafia kitandani kwake. Njia nitaifungua mimi."

Trekta letu ni dogo, lina beleshi mbele na mashine ya kurusha theluji nyuma, kwa hiyo unaendesha kinyumenyume huku umegeuza shingo, na shingo yangu iligoma kugeuka majira ya baridi yaliyopita, nikawa nainuka kidogo ili nione ninakokwenda, na kila nikiinuka mashine ya nyuma inakatika, injini inabaki ikinguruma bure, kwa sababu chini ya kiti kuna swichi inayojua kama umekaa au umeondoka, wameiweka ili mtu asishuke akaenda kuliwa na visu vya ile mashine vikiwa vinazunguka. Asubuhi moja ilinikatikia njiani tena na tena mpaka nikatukana kwa Kifini cha marehemu baba, nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha nyaya za swichi, na tangu hapo trekta linaamini kuna mtu amekaa hata kiti kikiwa kitupu. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu. Sikumwambia mtu.

Sasa miguu yangu hainipandishi tena kwenye trekta, na Lempi ndiye dereva, anapenda kweli, anavaa kofia yangu ya manyoya na kuimba, na kitu alichokishika kuliko vyote ni nilichomwambia siku tulipolinunua: "Usiogope, mama, ukiinua makalio tu visu vinalala."

Juzi ilianguka theluji ya majimaji, ile inayojaza bomba la kurushia kama uji uliopoa. Nikamwona kutoka dirishani akisimama, akashuka, masikio ameyaziba asisikie kelele, injini inanguruma, akazunguka nyuma na mpini wa ufagio akaanza kuzibua bomba. Niligonga kioo kwa mkongojo wangu, nikapiga kelele mpaka kifua kikabana, naye akageuka akanipungia mkono, alidhani namshangilia. Kisha mpini ukavutwa kutoka mkononi mwake. Aliingia ndani mashavu mekundu, ameshika kipande kilichobaki, anacheka.

"Mwalimu," ndivyo anavyoniita akitaka kunichokoza, "mashine yako imekula ufagio wangu. Si ulisema nikishuka inalala?"

Na mimi, Bi Verna, nikamtazama usoni nikamjibu, "Inachelewa kidogo kutulia. Vuta pumzi chache kwanza, ndipo uzibue."

"Kama wewe ukiitwa mezani," akasema, akaenda kubandika kahawa.

Tangu siku hiyo sili. Ufagio umekwisha, safari ijayo atazibua na nini kama si mkono, na atavuta zile pumzi chache nilizomfundisha, kwa utulivu, akiniamini, halafu atauingiza. Redio inasema Alhamisi itaanguka nyingine. Nikimweleza ukweli ataogopa lile trekta, njia itaziba, Marlys atapata sababu aliyokuwa akiitafuta, na nitakufa kwenye chumba chenye harufu ya dawa ya sakafu. Tena Lempi hajawahi kunitilia shaka kwenye kitu chochote chenye skrubu, sasa siku hizi chache zilizobaki atanitazama kwa jicho gani? Nimewaza nimwite Delbert, jirani yetu, ingawa nilimfukuza mwaka juzi kwa sababu anasukuma theluji yake hadi ng'ambo ya barabara, jambo ambalo mtu mwenye adabu halifanyi, aje Lempi akiwa kanisani, autoe ule waya, na mimi niondoke duniani nikiwa safi machoni pa mke wangu. Je, ni dhambi? Nijibu haraka.

Waino Kestila

*

Mzee Waino,

Barua yako sikuipanga foleni. Namba yako ilikuwa nyuma ya bahasha, nikapiga. Alipokea Lempi, akasema umelala.

"Mimi ni Verna wa gazetini," nikamwambia.

"Yule wa ndoa zilizovunjika? Kafanya nini huyu?"

Nikamwambia asiliguse trekta mpaka azungumze na wewe, na kwamba mengine si yangu kuyasema. "Basi ni jambo kubwa," akasema. "Theluji haijaanza. Nitamngoja aniambie mwenyewe." Haya unayoyasoma nitakusomea kwa simu kesho asubuhi, kabla hata mtambo haujachapa gazeti, kwa hiyo usijifiche nyuma ya Jumatano, siku gazeti linapotoka.

Nakuhurumia, mzee wangu. Kuogopa kufia ugenini si upuuzi, na shingo iliyogoma si kosa la mtu. Ule waya nao ninauelewa. Wako wengi wanaosoma safu hii ambao sasa hivi wanatazama pembeni, maana na wao wameufunga. Lakini pumzi chache? Mwalimu wa fizikia unajua vizuri kwamba visu vile haviishiwi nguvu kwa mtu kuvuta pumzi. Waya uliufunga kwa ajili ya shingo yako. Uongo wa pili uliusema kwa ajili ya sifa yako, mbele ya mwanamke aliyekuwa ameshika ushahidi mkononi. Hilo sikuachii.

Delbert wa siri, hapana. Akiutoa waya, atatoa waya tu. Kile ulichokiweka kichwani mwa Lempi kitabaki. Swichi hugoma kwa barafu, hugoma kwa kutu, na siku itakapogoma wewe hutakuwepo, naye atafanya ulivyomfundisha. Kitu cha kumwachia mkeo si kiti cha kukiamini. Ni mazoea ya kutokiamini kiti chochote.

Kwa hiyo sikiliza. Ukimaliza kuongea na mimi, mwite akae. Mwambie, "Lempi, kiti hakizimi chochote, nilikifunga mimi, na nilikudanganya juu ya ufagio." Usianze na shingo yako. Shingo itafuata. Kisha mpigie Delbert mchana kweupe, Lempi akiwepo, aje kurudisha swichi, na umwombe radhi kwa kumfukuza; ya kusukuma theluji ng'ambo ya barabara mtagombana naye akishamaliza. Halafu mfundishe Lempi upya, wewe dirishani na yeye nje, mara nyingi mpaka achoke na wewe: mashine ya nyuma izimwe, injini izimwe, ufunguo uingie mfukoni, visu avione kwa macho vimesimama, ndipo ashike fimbo. Fimbo, si mkono, hata vikiwa vimesimama. Hiyo kazi hakuna mwingine wa kuifanya, na hata kitandani unaiweza.

Unadhani ataogopa trekta. Mwanamke aliyenyang'anywa mpini akaingia ndani anacheka haogopi trekta. Na Marlys akipiga simu, mwambie na yeye, mwache apige kelele, kisha mwambie njia iko wazi.

Unaniuliza atakutazama kwa jicho gani. La hasira, mzee wangu, na pengine atakunyima kahawa mpaka jioni. Akiamua kukununia, na anune. Akiamua kukufinya, shukuru: atakufinya kwa mikono yote miwili, ingali mizima.