Kulaza Injini ya Papa

Bertrams, mwezi wa saba

Yaya Octave, kaka yangu mkubwa,

Sisi tupo. Baridi ya mwaka huu huku kusini ni kali, bomba la uani linaganda kila asubuhi.

Huko Kalemie hujawahi kuona maji yakipasua chuma. Hapa yakiganda hupasua, ndiyo maana kila baridi ikikaribia mzee wetu Papa humwaga maji yote ya ile injini ya boti iliyoko uani. Husema anailaza mpaka siku ya kurudi kwetu. Juzi alinielekeza, nikaifungua mimi. Nilifurahi kwamba bado anakumbuka kila kizibo.

Jana asubuhi nilimkuta amesimama kando ya injini na ndoo tupu. Alikuwa ameijaza maji tena tangu jioni, na ubavu wa injini ulikuwa umepasuka.

"Injini kavu itaungua," akaniambia. "Leo tunavuka kwenda Kigoma."

Nilimwingiza ndani, nikamvika soksi. Sijamwambia kwamba imepasuka, wala kwamba ziwa liko mbali.

Anakuulizia, yaya. Anasema boti haijaondoka kwa sababu yako: ulikwenda kuleta mafuta, hujarudi.

Mdogo wako,
Brigitte