Niliandika Kwamba Mwanangu Ana Pumu

Mpendwa Shangazi, unisamehe kuchelewa, barua hii nimeianza tangu muhula uliopita, kila nikishika kalamu mdogo anaamka au sufuria inafurika, lakini sasa nimefika mwisho wa akili yangu, naomba unisaidie.

Binti yangu mkubwa ana miaka kumi. Shuleni kwao mwalimu wa michezo huwapima kila muhula, wanakimbia kwenda na kurudi wakifuata mlio wa filimbi, anayechelewa anaketi chini wenzake wakiendelea, kisha matokeo yanabandikwa mlangoni. Wangu aliketi wa kwanza, wakambatiza jina Kiti. "Kiti, sogea tukukalie!" Alirudi analia kwa kwikwi. Muhula uliofuata, asubuhi ya kipimo, akaniambia, "Mama, tumbo linauma, kichwa kinauma, kila kitu kinauma," nami nilikuwa sijalala, nikachana karatasi nikaandika kwamba mtoto ana pumu, asikimbizwe. Hana pumu, Shangazi. Nilidhani ni ya siku ile tu.

Kumbe mwalimu kaiweka kwenye faili. Tangu hapo harukishwi kamba, hapewi mpira, anakaa benchi kushika masweta ya wenzake. Na barua ile binti aliisoma njiani akiipeleka! Juzi tumekwenda kwa bibi yake, ghorofa ya tatu, kasimama katikati ya ngazi, mkono kifuani: "Siwezi, mimi si nina pumu?" Nikamwambia huna. "Kwa hiyo mwongo ni mwalimu au wewe?"

Nilitaka kwenda kumgombeza mwalimu kwa vipimo vyake, lakini jirani yangu fundi cherehani ananiambia kipimo hichohicho ndicho kilichoonyesha mwanawe anachoka kupita kiasi, zahanati wakakuta damu imepungua, sasa anatibiwa. Baba mtoto anasema, "Nyamaza, yatapita." Sasa sijui kibaya ni kipimo, ni mwalimu, au ni mimi.

Mama Kichwa Kizito

SHANGAZI ANAJIBU

Pole, mwanangu. Mtoto analia, mwingine mgongoni, mkono unajiandikia wenyewe. Lakini ulidanganya, na aliyewekwa benchi si wewe.

Kipimo hakina ubaya. Kinamwonyesha mtoto alipo leo, ili baadaye ajilinganishe na yeye mwenyewe, na wakati mwingine kinafichua maradhi. Kibaya ni kuyabandika matokeo mlangoni watoto wachekane. Hilo ndilo ungeligombania. Wewe ukaliacha, ukamtungia mwanao ugonjwa.

Anza na mtoto, leo, kabla ya chakula. Mwambie mwongo ni mama, mwalimu alimwamini mama. Usijitetee. Kesho nenda shuleni kwa miguu yako. Mwalimu atafoka, mwache afoke. Akitulia, mwombe kila mtoto apewe matokeo yake mkononi. Halafu zahanati, wamsikilize kifua, wampime damu. Na usiniambie unajua ni mzima, udaktari wako tumeshauona. Wakimkuta salama, kimbia naye jioni, hata mkichekwa, ndipo apimwe tena. Baba mtoto naye abebe mdogo.

Kufikia Ijumaa, shule inahitaji kutoka kwako barua ya kuifuta ile ya kwanza, yenye sahihi yako. Karatasi ya zahanati. Na mtoto mwenyewe, amevaa raba.