Vitabu Vilikwenda Mjini, Sanduku Likabaki

Mpendwa Baba Naomi,

Mvua imekatika, na leo tumetoka kanisani mapema. Nimefungua mlango wa duka ili hewa iingie, si ili niuze. Unajua kwamba siuzi Jumapili. Cherehani yako nimeifunika kitambaa. Nimeketi kwenye kiti chako, nami nataka kukueleza jambo nililolifanya kuhusu vitabu vya duka, kwa kuwa nililiamua bila wewe na halikwenda vyema.

Utakumbuka tulivyokuwa tukigombana juu ya neno moja. Ulikuwa ukiandika jina la mteja, kisha nguo yake, kisha "bado". Basi. Mimi niliyefundisha sarufi katika shule ya misheni sikuweza kulipita neno hilo nikanyamaza. Nilikuambia kwamba "bado" peke yake si sentensi. Bado hajalipa, au bado hajachukua nguo yake? Nawe ukawa unacheka huku unapitisha uzi katika tundu la sindano.

"Mwalimu, hiyo bado mimi najua ni ya nini."

"Na siku usipokuwepo?"

"Nitakuwa nimeenda wapi? Hii Sisibo nilikuja na miguu, na miguu imechoka."

Hukuacha kuuita mji wa Eldoret kwa jina hilo la wazee, nami sikuacha kukusahihisha. Siku moja nilikamilisha mistari yako michache kwa penseli nyekundu, nikikisia maana. Ulikasirika, jambo lililokuwa nadra kwako, ukasema kwamba kitabu cha duka si daftari la mtoto wa shule. Tangu hapo sikukigusa. Laiti ningaliketi kando yako nikauliza, mstari kwa mstari, badala ya kusahihisha.

Ulipofariki, niliambiwa kwamba leseni haitatolewa tena mpaka vitabu viwe safi. Nilivifungua hapa mezani, nikakutana na "bado" yako kila ukurasa, nikavifunga. Mzee wa kanisa akanishauri nivipeleke kwa Karani Zakayo, yule aliyekuwa karani wa reli, ambaye sasa amekodi chumba kule mjini, nyuma ya maduka ya Wahindi na huwaandikia hesabu watu wetu kadhaa wenye biashara. Nilikwenda kumwona. Mwandiko wake umenyooka kama mashamba ya ngano ya Makaburu, na Kiswahili chake hakina doa.

Naomi hakutaka. Alisema, "Mama, huyo hajui watu wetu. Si tuandike sisi, hata kama ni pole pole?"

Nilimjibu kwamba hesabu haihitaji kumjua mtu. 

Karani Zakayo si mtu mbaya, nami sitaki umdhanie vibaya. Alivipitia vitabu vyako kwa adabu, akaweka kidole kwenye neno lako, akasema, "Mama, katika hesabu hakuna bado. Kuna aliyelipa na kuna asiyelipa." Niliipenda sentensi ile kwa sababu ilikuwa kamili. Nikampa ruhusa. Kila palipoandikwa "bado" akaandika deni, kisha akaanza kuwapelekea watu barua za kudai, kwa Kiingereza, zenye muhuri wake chini.

Wa kwanza kuja alikuwa Mama Rasoa. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akivuna pareto kwa mzungu upande wa Kimumu, aliyekuwa akikuletea fedha kidogo kidogo zikiwa zimefungwa katika pindo la leso. Aliingia ameshika barua kwa mikono miwili. Hakuwa amepata mtu wa kumsomea isipokuwa nyapara wa shamba, na nyapara alimwambia kwamba muhuri ni wa serikali.

"Nimeleta, Mama Mwalimu," alisema. "Sitaki maneno na serikali."

Nikapokea, nikamwandikia stakabadhi. Aliitazama stakabadhi, kisha akaitazama rafu, kisha akanitazama mimi.

"Basi imeisha?"

"Imekwisha, Mama."

"Hakuna kitu ingine?"

Nilimwambia hakuna. Akasimama kidogo, akaniaga, akaenda zake. Mume wangu, unajua nilichokuwa nikikiwaza alipokuwa amesimama pale? Nilikuwa nikiwaza kwamba alipaswa kusema "kitu kingine". Nilisikia kosa la ngeli, sikusikia swali.

Baadaye Naomi alilifungua lile sanduku lako la bati, la nguo za wateja, ili azianike nguo juani, maana nondo walikuwa wameanza. Akatoa gauni la mtoto, la buluu, lenye ukosi mweupe. Alilipanua kifuani pake, akacheka.

"Hii ni ya Tabitha wa Mama Rasoa. Baba alinipima mimi kwa sababu tulikuwa kimo kimoja. Ni ya ubatizo."

Nikamwambia kwamba gauni hilo lilikuwa halijalipiwa, ndiyo maana lilikuwa bado sandukuni.

"Limelipwa, Mama. Si unaona vifungo?"

Sikuelewa. Ndipo mtoto wetu aliponieleza jambo ambalo mimi, niliyelala kando yako miaka yote hiyo, sikulijua: kwamba hukutia vifungo katika nguo ya mtu mpaka amalize kulipa. Ulimwambia Naomi kwamba nguo isiyo na vifungo haimtii mtu tamaa ya kuiomba kabla ya wakati, na kwamba yenye vifungo si mali yako tena, hata ikikaa kwako. Tulizitoa nguo zote. Zilizokuwa na vifungo, wenyewe walikuwa hawajaja kuzichukua. Zisizo na vifungo, wenyewe walikuwa hawajamaliza. Aliyeandikwa kitabuni na nguo yake haimo sandukuni, huyo ndiye uliyemkopesha. Kila "bado" ikapata kitenzi chake. Vitabu nilivipeleka mjini, na sanduku lilikuwa hapa hapa chini ya meza.

Nilikwenda kwa Karani Zakayo siku iliyofuata, nikamwomba azizuie barua zilizobaki. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Ungaliniambia kuna sanduku, Mama."

"Nami sikujua."

Nilimwomba awe anakuja kuandika hapa dukani, sanduku likiwa wazi mbele yake. Alisema ana maduka mengine, na kwamba karani akianza kukagua vifungo hatamaliza kazi. Alisema kweli. Nikamlipa ujira wake, nikavichukua vitabu kwapani. Ninaviandika mwenyewe sasa, Naomi akinisomea vilivyomo sandukuni. Huenda bwana wa leseni asiridhike na mwandiko wa mikono tofauti katika kitabu kimoja. Tukikosa leseni, tutashonea nyumbani, na Naomi atakaa mwaka bila shule. Nimelipima jambo hilo, na sioni la kufanya badala yake.

Lakini la Mama Rasoa sijalimaliza. Nilifunga fedha zake, nikatembea mpaka shambani. Nilikuta vibanda vimebomolewa. Mzungu amepunguza watu na ng'ombe wao, na jamaa ya Mama Rasoa wamehama. Mpishi alisema walielekea upande wa soko la Ziwa; mwanamke aliyekuwa akichota maji alisema hapana, walivuka kwenda Kitale. Aliniambia pia kwamba Mama Rasoa aliuza kuku wake wote ili ajibu ile barua, na kwamba mtoto alibatizwa akiwa amevaa blauzi ya mamake.

Baba Naomi, alilipa mara mbili kwa sababu ya karatasi niliyoiruhusu, na hakuniuliza gauni liko wapi kwa kuwa mimi ni Mwalimu, na karatasi ilikuwa na muhuri. Ungalikuwepo ungalimwita kabla hajafika mlangoni. Ungalimtania kwa Kiswahili chenu kibovu mpaka akacheka, na gauni lingalikwenda naye.

Siku ya soko nitakwenda Ziwa. Nisipomwona nitakwenda tena, na ikinilazimu nitafika Kitale. Gauni nimelipiga pasi. Mtoto amekua tangu ulipomkatia kitambaa, kwa hiyo nimefumua upindo, ule mpana uliouacha kwa ajili ya kurefusha. Sikuushona tena. Sijui amefikia kimo gani, nami sitaki kukisia. Nitaushona nikiwa naye amesimama mbele yangu.

Pumzika, mume wangu. Hapa tunaendelea na kazi.

Ni mimi mkeo,
Mama Naomi