Kidonge cha Mbwa Wako

Mke wangu,

Hapa nyumbani hatujambo. Bomba la jikoni limetengenezwa, na mbwa wako anakula kunizidi.

Jana nilimpeleka kwa daktari wa mifugo kama ulivyoagiza, apimwe damu kabla ya kuanza tena dawa ya kukinga minyoo ya moyo, ile inayoenezwa na mbu. Damu ni safi. Mimi nikimfichia kidonge ndani ya nyama, humeza nyama na kunitemea kidonge miguuni. Daktari alikiweka kiganjani tu, mbwa akakilamba kama peremende.

"Usione wivu, shemeji," akacheka. "Dada ndiye aliyenifundisha. Na hongera, ameniambia anarudi mwisho wa mwezi!"

Nikamshukuru, kana kwamba nilijua. Mimi unaniandikia habari za mbu tu.

Kidonge cha mwezi ujao kiko juu ya friji, na daktari anasema kisirukwe. Kama unarudi kwangu, utampa wewe mwenyewe. Kama unarudi kwa daktari, sema mapema, nimpelekee na mbwa kabisa.

Mumeo, mpaka sasa.