Mapezi ya Sufuria ya Kamituga

Jumatatu, tarehe 6 Novemba 2023

Digrii kumi na moja tena! Sanduku la chanjo la Charlène, mjukuu wangu, halitakiwi kupita nane. Jumamosi atalijaribu kwenye kituo cha afya cha Luvungi, mbele ya profesa wake. Likishindwa, anarudia mwaka.

Ndani mna mapezi thelathini — yeye anasema ailettes — vipande vyembamba vya aluminium, vimelala kimoja juu ya kingine. Umeme wa jua unavipoza, feni inapitisha hewa katikati. Alivikata kwenye sufuria ya marehemu Françoise, mke wangu. Ile tuliyokimbia nayo kutoka Kamituga, vita vya 1998. Nilimruhusu mwenyewe.

Mwezi wa saba lilifanya kazi vizuri. Lakini mwezi wa saba hapa Bukavu ni vumbi tupu! Luvungi ni joto, na hewa yake ina maji.

Jumanne, tarehe 7

Tumegeuza jikoni kuwa Luvungi. Mbabula mbili za makaa, maji yanachemka, mashuka mabichi ya jirani kwenye kamba. Maman Olive akachungulia: "Papa Philémon, mashuka yangu imekuwa laboratoire?" Charlène: "Maman, iko na cheo sasa — assistante!"

Tukafungua kifuniko. Mapezi yametoka jasho. Matone yameunganisha pezi na pezi, hewa haina njia.

Dawa nilikuwa nayo. Kule mgodini Kamituga, nilikokuwa fundi, mapezi ya kompresa ya hewa yalipozibwa na matope, nilikata pezi moja kati ya kila mawili. Miaka arobaini nasimulia jambo hilo.

"Toa nusu," nikasema.

"Koko," ndivyo anavyoniita mimi babu yake, "na surface je, ile upana? Joto itapitia wapi?"

"Toa."

Akatoa kumi na tano. Sikuuliza ameyaweka wapi.

Alhamisi, tarehe 9

Hewa inapita. Digrii tisa na nusu.

Nilikosea. Matope si maji, na mapezi kumi na tano hayatoshi.

Charlène hakunisuta. Alirudisha yote thelathini, akayasimamisha wima. Chini akatoboa tundu. "Maji haikalake juu ya ukuta, Koko."

Sita nukta mbili! Saa tano mfululizo! Fundi mzima mimi, na kugeuza tu sikuwaza. Sijawahi kushindwa kwa furaha namna hii.

Jumamosi, tarehe 11

Luvungi. Nimepewa kiti karibu na mlango. Jaribio litaisha saa kumi na moja.

Saa sita: sita nukta nane. Saa nane: saba nukta moja. Pascal, muuguzi, anafungua sanduku kila mara — akina mama hawaishi kufika na watoto. Na afungue! Ndiyo kazi yake.

Profesa akaonyesha pezi moja: "Mademoiselle, hizi tundu mbili ni za nini?"

"Haiko na kazi, Professeur. Ni pale mukono ya sufuria ilishikia. Koko yangu alitembea nayo siku kumi na moja, mpaka Bukavu."

Profesa akainama tena, akatazama. Alipoinuka alinitafuta kwa macho. Nikavua kofia. Sijui kwa nini.

Saa tisa na nusu: saba nukta nne. Foleni imefika barabarani. Pascal anafungua tena. Charlène hatazami kipimo. Anatazama kikombe alichoweka chini ya tundu: maji yakidondoka, mapezi yako wazi. Tone. Halafu kimya — kirefu. Nimeacha kuandika.

Tone.